Kupigwa na nini?

Kosa langu lilikuwa na majina 17. Niliyasoma kwa sauti, nimesimama juu ya jiwe la lava pale Buhene, kando ya mji wa Goma, karatasi mkononi, na kila jina lilijibiwa na mtu: "Niko!" Asiyekuwepo aliitikiwa na jirani: "Ameenda kuchota maji, ataambiwa." Mama mmoja mwenye kitenge cha kijani alipiga vigelegele kama yuko arusini. Nikawaambia waje kuchukua msaada siku ya Alhamisi, saa mbili asubuhi, kwenye kiwanja cha kanisa, kila mmoja na kadi yake ya mpiga kura, ambayo kwetu Kongo ndiyo kitambulisho cha wengi.

Majina hayo nilikuwa nimeyatoa kwenye faili ya Ekseli niliyotumiwa na ofisi. Faili ilikuwa na vichupo vitatu chini, kila kimoja na neno lake la Kiingereza. Cha kwanza kilikuwa cha waliokwisha kuhakikiwa, cha pili cha wanaosubiri. Cha tatu kiliandikwa "Stricken". Hapo sikusita hata kidogo. Neno hilo nililijua tangu ujana: ni waliopigwa, waliofikwa na balaa. Nikasema moyoni, kumbe hawa ndio wenyewe hasa, wale ambao lava imewamaliza kabisa, ndiyo maana wamewekewa ukurasa wao. Nikayachapisha, nikapanda moto, yaani pikipiki, kwenda Buhene.

Kiingereza changu ni cha kuokota. Nyumbani tulisema Kiswahili, shuleni Kifaransa, na Kiingereza nilikipata jioni katika chumba kimoja mtaani Katindo, kwa mwalimu ambaye hakuwa na vitabu zaidi ya Biblia mbili: ile ya Kiingereza ya mfalme James, ya mwaka 1611, na Union ya Kiswahili. Alitusomesha mstari kwa mstari, huku na huku. Nadhani kuna vijana wengi wa Goma wanaosema Kiingereza cha Musa na Ibrahimu bila kujua. Mimi mwenyewe siku za kwanza kazini nilimwambia mgeni mmoja "behold" nikimwonyesha gari lake.

Neno lenyewe tulikutana nalo kwenye Isaya 53, mstari wa 4. Kiingereza kinamwelezea yule mtumishi wa Mungu kwa maneno matatu: "stricken, smitten of God, and afflicted". Kiswahili kinasema tulimdhania ya kuwa amepigwa, amepigwa na Mungu, na kuteswa. Mwalimu akapiga ubao kwa chaki: "stricken" ni amepigwa, andikeni. Tukaandika. Mmoja akanyoosha mkono akauliza kwa nini Waingereza wana maneno mawili pale ambapo sisi tunarudia lile lile. Mwalimu akasema Waingereza ni watu wa kutapanya. Miaka mingi baadaye ndipo nilipojua kwamba hata lile neno la tatu limetokana na Kilatini "affligere", kumpiga mtu hadi chini. Na lile neno lao la tauni, "plague", limetoka kwenye "plaga" ya Kilatini, yaani pigo. Kwa hiyo Kiswahili kinapoita balaa za Misri mapigo kumi, hakikupungukiwa na kitu. Kiko pale pale walipo wenzake.

Siku nyingine tulifika kwa Zakaria na Elisabeti, wazazi wa Yohana Mbatizaji. Kiingereza kinasema wote wawili walikuwa "well stricken in years". Tukaangua kicheko. "Nani aliwapiga hawa wazee?" Mwalimu naye akajibu bila kucheka: "Miaka." Jibu zuri, ila si sahihi. Zamani kile kitenzi cha kupiga, "strike", kilikuwa pia na maana ya kwenda, kusonga mbele. Waliokuwa "stricken" katika miaka walikuwa wamekwenda nayo mbali. Sisi tungesema wamekula chumvi nyingi.

Basi nikatoka darasani na neno moja, tafsiri moja. Na tafsiri ilikuwa sahihi, hapo ndipo palipokuwa na hatari. Neno ambalo hulijui utaliuliza. Unaloamini unalijua litakupitisha barabarani macho yamefumba.

Jumamosi ya tarehe 22 Mei 2021, jioni, mbingu ya upande wa volkano ya Nyiragongo iligeuka nyekundu. Kwa watu wa umri wangu hilo halihitaji kuelezwa. Nilikuwa na miaka 11 ile Alhamisi ya tarehe 17 Januari 2002, lava ilipopita katikati ya mji hadi ziwani, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege na maduka ya katikati ya mji, nasi tukavuka mpaka kwenda Gisenyi, Rwanda, na godoro, sufuria moja, na kuku ambaye hatukumwona tena. Wazee walikuwa na yao ya Januari 1977, pale ziwa la lava juu ya mlima lilipopasuka na kushuka mbio kuliko mtu anavyoweza kukimbia. Safari hii ya 2021 moto ulishuka hadi Buhene, ukasimama karibu na uwanja wa ndege. Ulikata barabara ya Rutshuru, ukachoma waya za umeme, ukala nyumba kwa maelfu huko juu. Halafu ardhi ikaanza kutetemeka mchana na usiku, hadi asubuhi ya tarehe 27 Mei serikali ya mkoa ilipoamuru kartie 10, yaani mitaa, za mji zihame. Wengine Sake kwa miguu, wengine Bukavu kwa mashua, wengine Rwanda. Mimi nilikwenda Sake, nikarudi Juni, na wiki ile ile nikapata kazi ya kutafsiri katika shirika moja la misaada ambalo sitalitaja, maana makosa nitakayoyasimulia ni yangu kwa sehemu kubwa.

Kazi ya kwanza ilikuwa karatasi ya kubandika ukutani. Kiingereza chake kilisema msaada ni wa kaya ambazo ni "disaster-stricken". Nikaona "disaster" itarefusha sentensi, na kila mtu anajua ni msiba gani. Nikaandika kwa herufi kubwa: MSAADA NI KWA FAMILIA ZILIZOPIGWA. Mashefu wa nyumba kumi wakabandika.

Kesho yake kwenye foleni alikuja mwanamke kijana, mtoto mgongoni na mwingine mkononi. Jicho lake la kushoto lilikuwa limevimba hadi limefumba, na chini yake ngozi ilikuwa na rangi ya bilinganya.

"Mimi njo nilipigwa," akaniambia.

"Na volkano?"

"Na bwana."

Nikamwuliza kama nyumba yao iliungua. Akasema hapana, nyumba iko, mabati iko, kila kitu iko. Kisha akaonyesha ukutani kwa kidevu. "Karatasi inasema familia zilizopigwa. Mimi na batoto tulipigwa wote."

Alikuwa ameisoma vizuri kuliko nilivyoiandika. Kiswahili ukisema mtu amepigwa, ukanyamaza hapo, msikilizaji anaona ngumi. Anaona fimbo, anaona mkono wa mtu. Ukitaka aone kingine, lazima ukitaje: amepigwa na jua, amepigwa na baridi, amepigwa na radi, amepigwa na butwaa, amepigwa na bumbuwazi. Hiyo "na" ndogo ndiyo inayobeba mzigo wote. Mimi nilikuwa nimeiondoa kama mtu anayetoa jiwe moja chini ya ukuta kwa sababu ni dogo.

Nilimpeleka yule mama kwenye hema la mwisho wa kiwanja, kwa dada mmoja aliyekuwa akisikiliza kesi za namna hiyo. Waliingia ndani, pazia likashuka. Sikumwona tena. Jioni nilizunguka na kalamu nene nikiongeza "NA VOLKANO" kwenye karatasi zile, moja baada ya nyingine, na mahali pengine maneno hayakutosha ikabidi niyapandishe kwa pembeni kama mjusi ukutani.

Tangu siku hiyo nilianza kulichunguza lile neno kama mtu anavyomchunguza mgeni aliyemlaza nyumbani bila kumwuliza kwao. Nikagundua kwamba Kiingereza chenyewe hakimtaji mpigaji kwa lazima. Gazeti litasema mji ni "stricken", jahazi ni "stricken", uso wa mtu ni "stricken", na hakuna anayeuliza na nini. Jahazi la namna hiyo limevunjika au linazama. Uso wa namna hiyo umejaa huzuni au hofu. Likitaka kutaja kilichopiga, neno hilo mara nyingi linakibandika mbele: "grief-stricken" ni aliyepigwa na majonzi, "panic-stricken" aliyeshikwa na kiwewe, "drought-stricken" penye ukame, "poverty-stricken" fukara wa kutupwa. Hili la mwisho sisi watu wa Kongo tunalijua sana, tumevalishwa hadi limetuchakaa mwilini.

Wakati huo huo kuna ndugu yake mdogo, "struck", aliyetoka tumbo lile lile la kitenzi cha kupiga na ambaye sasa ndiye anayefanya kazi ya kila siku. Mpira uligonga mwamba: "struck". Saa iligonga: "struck". "Stricken" ni mzee aliyestaafu, akabaki anaitwa kwenye misiba. Hata katika kubandika maneno mbele, wamegawana. Aliyepigwa na bumbuwazi kama kwa radi ni "thunderstruck", aliyestaajabu kwa kicho ni "awestruck", aliyerukwa na akili kwa mahaba ni "lovestruck". Nilidhani nimepata kanuni: kinachopita upesi ni cha "struck", kinachokaa nyumbani kwako na kula chakula chako ni cha "stricken". Nikaifurahia kwa siku mbili hivi. Halafu nikakuta kwamba kwa kioja cha kutisha wanasema yote mawili, na hofu ya ghafla inakwenda na mzee. Basi si kanuni, ni mazoea. Lakini ukitafsiri kwa kufuata masikio yangu hutapotea mara nyingi.

Kifaransa chetu kina "sinistré". Goma neno hili halina haja ya kutafsiriwa. Hata bibi asiyejua Kifaransa anasema "sisi ni ba-sinistré". Asili yake ni Kilatini cha mkono wa kushoto, upande wa mkosi. Kiswahili cha ofisini kina "waathirika", na Wakenya wanapenda zaidi "waathiriwa", wakisema kwa haki kwamba mtu haathiriki mwenyewe, anaathiriwa. Mimi silipendi lolote kati ya hayo mawili, ingawa nayaandika kila siku kwa sababu mshahara unataka. Athari ni alama iliyoachwa, kama nyayo kwenye matope. Ukimwita mtu mwathirika umetazama nyayo, mtu mwenyewe ameshapita. Lakini angalau halimpeleki mwanamke mwenye jicho lililovimba kwenye foleni isiyo yake. Nikarudi kwenye "familia zilizounguziwa nyumba na volkano". Ni refu, na mkuu wangu alilalamika kwamba Kiswahili kinakula nafasi.

Sasa ile Alhamisi.

Saa mbili asubuhi walikuwa wameshafika wote 17, na wengine wamekuja na ndugu wa kuwasaidia kubeba. Yule mama wa kitenge cha kijani alikuja na kijana mwenye chukudu, ile baiskeli yetu ya kusukuma mizigo, ameshakubaliana naye bei ya kurudisha vitu hadi Buhene. Chukudu ile ya mbao ilikuwa imelazwa kando ya ukuta, na kijana amekaa juu yake anakula andazi. Lori likafika. Mwenzetu wa ghala, Mkenya kutoka Kisumu, akakunjua listi yake, akaanza kuita. Akaita 20, 30, 60. Watu wakapokea shitingi zao, yaani maturubai ya plastiki, sufuria, mablanketi, bido za maji. Hakuita hata jina moja kati ya yale 17.

Nilimfuata na karatasi yangu. Nikamwonyesha: hawa je, waliopigwa zaidi kuliko wote? Akaitazama ile karatasi, akanitazama mimi, akashusha sauti.

"Ndugu yangu, hawa wamepigwa kalamu."

Sisi Goma hatusemi hivyo, lakini kwa redio na filamu tunaelewa. Nairobi mtu akifukuzwa kazi amepigwa kalamu. Mtu anachukua kalamu, anapitisha mstari mmoja juu ya jina lako, basi, kesho usije. Nilisimama pale na jua limeanza kuwa kali, nikaona neno langu la Katindo linageuka mbele ya macho yangu na kuonyesha upande wa pili ambao mwalimu hakuwahi kutuonyesha. Kwa Waingereza na zaidi kwa Wamarekani, kilichofutwa kwenye listi, kwenye kumbukumbu za mahakama, kwenye daftari la meli za jeshi, nacho ni "stricken". Jaji wa Marekani akisema maneno ya shahidi yawe "stricken", hayajafikwa na msiba. Yametolewa, yahesabiwe kwamba hayakusemwa. Kichupo cha tatu kilikuwa cha waliofutwa.

Nilivyokuja kusoma, kile kitenzi cha kupiga kilianza zamani sana kwa upole: kilikuwa kupapasa, kupitisha mkono juu ya kitu, ndiyo maana hata leo kumpapasa paka wanasema "stroke". Neno hilo hilo ndilo jina lao la kiharusi, kile ambacho hapa kwetu hospitali zote wanakiita AVC. Walikuwa pia na kijiti, "strickle", cha kupitisha juu ya pishi la nafaka ili kusawazisha, kinachozidi kianguke. Hiki sikuhitaji kuchorewa. Ukienda soko la Virunga utawaona kina mama wa maharage. Wanajaza kopo hadi linakuwa na kilima, halafu kiganja kinapita juu, shwaa, kilima kinarudi gunia. Mama mwema ataokota chache akuongezee matabishi. Wale 17 walikuwa kilima cha kopo.

Lakini hayo niliyasoma baadaye. Pale kiwanjani nilikuwa na kazi ya kuwaambia watu.

Nilitamani sana kusema ni kosa la ofisi, ni kosa la mashine, ni kosa la Wazungu. Sentensi ya namna hiyo Goma haihitaji ushahidi. Nikasema ni langu. Nikasema nilisoma neno la Kiingereza vibaya, kwamba nilidhani maana yake ni wenye shida, kumbe maana yake ni walioondolewa. Kimya. Muzee mmoja mwenye kofia ya sufi akauliza swali ambalo mpaka leo sijapata jibu lake zuri.

"Papa, hiyo luga ya bo, mwenye shida na mwenye kufutwa iko neno moya?"

"Neno moja, muzee."

Akatikisa kichwa taratibu kama mtu aliyethibitishiwa kitu alichokuwa akikishuku siku nyingi.

Yule mama wa kitenge hakusema neno. Alikwenda kumlipa kijana wa chukudu nusu ya bei kwa kumpotezea asubuhi, wakabishana kidogo, kijana akakubali, akaondoka akisukuma mzigo wake wa hewa. Hicho ndicho kilichoniuma kuliko maneno.

Nilirudi ofisini, nikaenda moja kwa moja kwa mkuu wa takwimu, Mmarekani mpole mwenye kuchoka. Nikamwuliza kwanza kwa nini wamefutwa. Tukafungua faili pamoja. Majina 17 yalikuwa na namba nne tu za simu. Programu ilikuwa imefundishwa kwamba namba moja ni kaya moja, ikaona kaya nne zinajifanya 17, ikapitisha kiganja. Nikamweleza: umeme umekatika tangu lava ichome waya, watu wanachajisha simu kwenye vibanda viwili vitatu vyenye paneli ya jua, na asiye na simu, au aliyeiacha ndani ya nyumba ikaungua nayo, akiulizwa namba anatoa ya kijana wa kibanda. Kila mtu pale anajua ukimpigia kijana huyo atakuitia mama fulani. Alikaa kimya muda. Akaandika kitu kwenye daftari.

Halafu nikamweleza kuhusu kichupo. Hakuamini. Akasema kwake neno hilo mahali pale lilikuwa wazi kabisa. Nikamwambia nami kwangu lilikuwa wazi kabisa. Akageuza kiti, akalitazama tena kwenye kioo kama analiona kwa mara ya kwanza, "stricken" chini ya listi ya watu waliounguziwa nyumba, akacheka kile kicheko kifupi ambacho hakina furaha. Akabadilisha kichupo palepale: "Removed". Neno kavu lisilo na ushairi wowote. Kwenye mambo ya shitingi nalipenda zaidi.

Kati ya wale 17, 12 walirudishwa baada ya siku tisa. Watano walikuwa wamekwisha kuandikwa mahali pengine, na hao niliwafuata mmoja mmoja kuwaambia. Wawili walinitukana. Mmoja alinipa chai.

Nimetafsiri mengi tangu hapo. Mwishoni mwa Januari 2025, waasi wa M23 walipouteka mji wetu, lile neno lilirudi kwenye maandishi niliyokuwa nikiletewa, mji "stricken" hivi, wakazi "stricken" vile. Kwa volkano naweza kuvumilia neno lisilomtaja mpigaji. Mlima hauna anwani ya kupelekewa barua. Kwa vita siwezi. Mtu akiniletea sentensi ya namna hiyo namwandikia pembeni kwa penseli: na nani? Wengine wanajibu. Wengine wanaomba mtafsiri mwingine.

Ila niliahidi nafsini mwangu kwamba nikilisimulia hili nisimwache yule mama.

Siku ya ugawaji wa pili alikuja na kitenge kile kile, na kijana yule yule wa chukudu, safari hii hajalipa kitu mbele. Alipoweka kidole gumba kwenye wino na kukigandamiza kwenye karatasi, akaniuliza, huku anakifuta kwenye majani, lile neno lililowafukuza siku ile lilikuwa nani. Alitaka kulisikia kwa masikio yake. Nikalitamka polepole.

"Sitirikeni?" akasema.

Nikasema karibu hivyo.

"Sitirikeni." Akalirudia, akaligeuza mdomoni. Ni mtu wa kanisa, Zaburi anazijua kwa moyo; alijua heri ni kwa aliyesamehewa dhambi na kusitiriwa makosa yake. Akawageukia wenzake kwenye foleni, ambao shitingi zao zilikuwa begani, akainua sauti: "Banasema musitirike! Sitirikeni, bamama!" Wakacheka hadi Mkenya wa ghala akaja kuuliza kuna nini.

Nilifungua mdomo nimweleze, nikaufunga. Jioni ile nilipitia Buhene. Alikuwa amesimamisha miti minne juu ya lava, na shitingi inapigwa na upepo wa ziwa, inavimba na kushuka kama kitu kinachopumua. Akaniambia niache kusimama kama mugeni, nishike ncha ile ya nyuma. Nikaishika, naye akaenda kutafuta jiwe zito.